Kongosho Linavyochunguzwa kwa Ndani

Tumbo linajaa gesi, mgonjwa anashiba baada ya matonge machache, kichefuchefu hakiishi. Mara nyingi huambiwa ana vidonda vya tumbo. Endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaomezwa, isipoona kidonda, anarudi nyumbani na dawa zilezile. Ila wapo wachache ambao shida yao iko kwenye kongosho, nyuma ya mfuko wa chakula, mahali ambapo ultrasaundi ya juu ya ngozi haifiki vizuri kwa sababu hewa ya matumbo huzuia mawimbi ya sauti.

Mwaka 1980 watafiti wa Marekani na Ujerumani walieleza njia ya kukwepa hewa hiyo: kifaa cha ultrasaundi kifungwe kwenye ncha ya endoskopi, mgonjwa akimeze. Ukuta wa mfuko wa chakula una unene wa milimita chache tu, kwa hiyo daktari anaweza kutumia mawimbi ya masafa ya juu, ambayo hayaendi mbali lakini huchora picha kali. Hata uvimbe usiofika sentimita 2 unaweza kuonekana.

Kazi yenyewe inataka subira. Mgonjwa amefunga kula, amepewa dawa ya usingizi, amelala ubavu wa kushoto. Kwenye ncha kuna puto dogo linalojazwa maji ili hewa isibaki katikati. Akiwa ndani ya mfuko wa chakula, daktari hufuata mshipa wa bandama na kuona kiwiliwili cha kongosho hadi mkiani. Kichwa chake hakionekani vyema mpaka ashuke kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Asiposhuka, huenda akauacha uvimbe ulioko huko.

Kongosho lenye afya huonekana kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. Likiwa na inflamesheni sugu hutokea chembe nyeupe, nyuzi, mrija uliopinda, vijiwe. Hapo ndipo ninapoomba tahadhari. Uzee, sigara na pombe huweza kuacha nyuzi kama hizo kwa mtu asiyeumwa. Wataalamu waliokutana Rosemont, jimbo la Illinois, mwaka 2007 walizipa dalili uzito tofauti: kijiwe ndani ya mrija mkuu kina uzito mkubwa, nyuzi peke yake zina uzito mdogo. Kumwandikia mtu ugonjwa wa kudumu kwa sababu ya nyuzi mbili ni kumdhulumu.

Kwa hiyo si kila mwenye kiungulia apelekwe kwenye uchunguzi huu. Anayestahili kutangulizwa ni yule anayekonda bila sababu, maumivu yanapenya hadi mgongoni, macho yamegeuka manjano, au kisukari kimemwanzia ukubwani ghafla. Uvimbe ukionekana, sindano nyembamba hupitishwa kwenye endoskopi ileile kuchukua chembechembe za kupimwa, kama Peter Vilmann na wenzake wa Denmark walivyoeleza mwaka 1992.