Mlango wa Kutokea

Diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla husomwa kama kitabu cha jela, na wasomao hivyo hawakukosea. Mtunzi alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi?; tungo akazitunga ndani, nyingine akiziandika juu ya karatasi za chooni; akatoka 1972. Diwani ilichapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Hayo yamekaririwa hata yamekuwa kama kiitikio. Lisilosemwa ni kwamba katika diwani hiyo mlango wa jela ni wa kuingilia tu.

Yatazamwe mashairi mawili, “Siwati” na “N'shishiyelo ni Lilo”. Majina peke yake ni kiapo: atakayetoka ni yule yule aliyeingia. Vina na mizani zimekazwa kama fundo la nahodha, na Kimvita chake hakimwombi mtu radhi. Kwa mfungwa wa siasa kiapo hicho ni silaha, maana jela ilikusudiwa imgeuze, na kutogeuka ndiko kushinda. Lakini silaha hiyo ina gharama ya kishairi. Ushairi uliosimama juu ya kutogeuka hauna pa kumweka mtu aliyerudi nyumbani akakuta watoto hawamjui, godoro limegeuzwa upande, na rafiki wa jana anavuka njia.

Tena, si kila mfungwa aweza kusema “siwati”. Aliyefungwa kwa wizi au kwa unga hana la kushikilia. Anachotakiwa ni kuacha, na kila siku aonyeshe kuwa kweli ameacha. Mfungwa wa siasa akirudi, baraza husimama kumpokea. Mwizi akirudi, watu huhesabu viatu mlangoni mwa msikiti. Tanzania Bara imekuwa na Sheria ya Bodi za Parole tangu 1994, ambayo humwezesha mfungwa kumalizia sehemu ya adhabu yake uraiani chini ya uangalizi. Sheria yaweza kumtoa mtu gerezani. Nani atakayemsogelea kando barazani apate pa kukaa, hilo si la bodi, na mwajiri anayeuliza kwanza hati ya polisi ya tabia njema hajasubiri kusikia mtu amejifunza ufundi gani ndani. Hapo ndipo ushairi wa Kiswahili, ambao haukuacha harusi wala msiba bila utungo, ulipokaa kimya. Mashairi ya kulaani jela yapo, ya kumwonya kijana asiende yapo, tena mengi kuliko yanavyohitajika. La kumpokea atokaye ni nadra mno.

Kuna jambo la tarehe ambalo wahakiki hulipita mbio. Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, kazi nyingine ya Abdilatif, ulichapishwa 1971, mwenyewe akiwa bado ndani. Kisa ni cha wawili waliotolewa peponi wakalazimika kuanza kuishi duniani. Haifai kumpachika mtunzi nia asiyoitaja. Hata hivyo vitabu hivyo viwili vikiwekwa rafu moja, kimoja kinaeleza kufungiwa na kingine kutolewa, na chenye kutolewa ndicho kisichosomwa.

Baada ya kutoka hakurudi kukaa Mombasa. Alikwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kisha 1979 London, na mwaka 1995 Leipzig, alikofundisha hadi 2011. Diwani ya pili haikufuata upesi. Kilichofuata, katikati ya miaka ya 1970, ni tafsiri: Wema Hawajazaliwa, riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana. Waliodhani mshairi amenyamaza hawakutazama alichochagua kutafsiri. Shujaa wake hana jina. Ni karani wa reli anayekataa rushwa, na hukumu yake haitoki kwa hakimu, hutoka kwa mkewe. Nyumbani uaminifu wake huhesabiwa kuwa ni ukosefu wa mapenzi kwa watoto. Huo ndio mtihani ambao “Siwati” haikuupata: kushika msimamo mahali pasipo kuta, mbele ya watu unaowapenda, nao wana njaa ya haki.

Mwishoni mwa riwaya karani humsaidia mkubwa aliyeanguka kutoroka kwa kupitia tundu la choo, humsindikiza kwa mashua, kisha hujitosa baharini na kuogelea hadi ufukweni. Asubuhi hushika njia kwenda kwake. Hana haraka, kwa kuwa anajua nini kinamngoja huko, na kitabu kinamwachia hapo, yu njiani.