Kula Bujumbura: tuanzie Buyenzi, siyo ufukweni

Wafanyakazi wa mashirika wakifika Bujumbura mara ya kwanza wanapewa orodha ya resto na wenzao waliowatangulia. Kila mwaka orodha ni ileile. Inaanzia kwenye ziwa, penye meza za vitambaa, ambapo jioni unaona viboko wakitoa vichwa majini na milima ya Kongo ng'ambo. Inapita Rohero penye piza na kahawa ya mashine, halafu imekwisha. Sisi tunaotoka Kavumu, Bwagiriza au Musasa na karatasi ya ruhusa, ju ya hospitali au dosie, hatuna orodha. Tunaulizana tu njiani. Basi nimeona niandike, na niseme mapema kwamba ile orodha ya ufukweni sikubaliani nayo.

Resto tuipime kwa kitu gani? Wengine wanapima kwa viti, wengine kwa choo, wengine kwa intaneti. Mimi naangalia mambo mawili. La kwanza, kama bei unaambiwa kabla hujakaa. La pili, kama mtu anakuuliza unataka kula nini na anangoja jibu lako. Hilo la pili litawachekesha watu wa mjini. Lakini aliyekula miaka mingi unga, maharage, mafuta na chumvi vya kupimwa kwa kikombe, kufuatana na idadi ya watu walioandikwa kwenye karatasi ya familia, hajaulizwa hivyo siku nyingi sana. Kwenye resto, mkimbizi mwenye noti mfukoni anachagua kama mtu mwingine yeyote. Anaweza hata kukataa, aseme hii siitaki, niletee ile.

Tuchukue ziwa kwanza ju ya ndilo linalosifiwa. Samaki wa heshima hapa ni mukeke, yule watu wa Kigoma wanamwita mgebuka. Ni mwembamba, nyama yake imekaza, anachomwa mzima juu ya makaa na kuletwa na ndizi au bugali, kitunguu, ndimu na pilipili. Mukeke aliyetoka majini usiku wa jana hahitaji kitu kingine. Sasa hoteli nyingi za ufukweni zinamzidishia: mchuzi mzito wa nyanya, mayonezi, wakati mwingine jibini juu yake, mpaka huwezi tena kujua kama ni wa leo au ametoka kwenye barafu. Halafu unangoja. Saa nzima, saa na nusu, jua linazama, umekwisha kunywa Fanta mbili, na bili ikija unaelewa kwamba viboko nao umewalipia. Sisemi ziwa ni baya. Waliovuka kutoka upande wa Uvira na Baraka wanalijua kuliko mwandishi wa orodha yoyote, na wengine wao hawapendi kukaa wakilitazama jioni.

Ndagala nao wana mambo yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu na wavuvi wengi wanapumzika. Ukiagiza ndagala wabichi siku hizo na serveri akajibu haraka kwamba wako, muulize tena polepole. Mama muuza chakula wa Buyenzi atakwambia mwenyewe: "Leo wabichi hakuna, papa. Kuna wakavu, nikutilie kwenye sombe?" Tayari amekupa habari ya ziwa, ya jikoni na ya bei kwa pumzi moja.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu zamani za Wabelgiji, mji ukiitwa Usumbura, na wengi wa wakaaji wake wa kwanza asili yao ni Kongo na Tanganyika. Avenyu zake zina namba tu. Mchana kuna kelele ya gereji, nyundo na vyuma, mafundi wamelala chini ya magari. Soko la Ruvumera liko hapohapo, na tangu soko kuu la katikati ya mji liungue tarehe 27 Januari 2013, masoko ya mitaani kama hilo yamebeba mzigo mkubwa zaidi. Palipo na wabebaji, mafundi na wauzaji, chakula lazima kiwe kingi na kiwe cha haraka. Asubuhi utapata chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati na maandazi. Mchana ni wali na maharage, bugali na sombe, lengalenga. Ijumaa kuna pilau. Jioni sambusa zinakaangwa mlangoni mwa nyumba, na mwezi wa Ramadhani barabara nzima inanukia.

Na unaagiza kwa Kiswahili. Kwa aliyetoka kambini, ambaye Kirundi chake ni cha kuombea maji na Kifaransa hakijui, hili ni kubwa. Hahitaji kuonyesha kwa kidole kama mtoto.

Sitawasifu bure. Chai ya Buyenzi ni tamu kupita kiasi, na ukisema sukari kidogo wanakuuliza kama unaumwa. Chapati ya saa moja asubuhi ni tamu, ileile saa sita imekuwa ngozi ya ngoma. Nyama ya pilau unaitafuta. Lakini vitunguu vimekaangwa mpaka vimekuwa vyekundu, bizari unaisikia tangu barabarani, na bei umeambiwa mlangoni. Namba siziandiki hapa ju ya zitakuwa zimebadilika kabla kurasa hizi hazijafika Ruyigi.

Wa mashirika wataniuliza usafi. Angalieni kama maji ya kunawa yanaletwa bila kuombwa, na muulize sufuria inaisha saa ngapi. Pale ambapo saa nane mchana sufuria iko tupu, chakula hakilali. Friji kubwa, katika mji ambao umeme unakatika, siioni kuwa dhamana kuliko hiyo.

Brosheti za mbuzi kwenye makabare kila mtu atawaambia, nami sibishi, ni nzuri, na ndizi yake ya kuchoma. Ila kabare ni ya wenye bia. Mama mwenye watoto wawili anayengoja gari la kurudi hakai pale akatulia.

Bwiza ndiko Wakongomani wengi tunakimbilia kutafuta sombe ya nyumbani. Hapo nina ugomvi kidogo. Sombe inatwangwa, halafu inakaa motoni muda mrefu. Siku hizi wengi wanaisaga kwa mashine, inakuwa laini kama uji wa mtoto, kisha haraka hiyo wanaifunika kwa mawese mengi. Mawese ya Rumonge ni mazuri mno kutumiwa kuficha kosa. Hata hivyo naendelea kwenda, ju ya kabla ya kupakua wanakuuliza: bugali ya muhogo ao ya mahindi? Kambini mahindi yanakuja kama mahindi, basi.

Jambo la mwisho linahusu mikutano. Nimeona zaidi ya mara moja wawakilishi wa wakimbizi wakialikwa kuongea mahali pa ufukweni. Menyu iko kwa Kifaransa. Mzee wa kamati anashusha kidole kwenye safu ya bei mpaka chini, anaagiza Fanta, anasema ameshiba. Hajui kama bili ni yake au ya mwenyeji, na anaona haya kuuliza. Saa mbili zinapita na yeye amesema maneno kumi, halafu kwenye ripoti inaandikwa kwamba jamii haikuwa na maoni mengi. Mzee huyohuyo mkipeleke mazungumzo Buyenzi, kwenye benchi, anajua kila kitu kilicho mezani kinalipwa ngapi. Ataongea. Huenda hata akataka kumlipia mgeni chai, na mgeni asikatae.

Kama ni Ijumaa, fikeni kabla sala haijatoka. Baada ya hapo watu wanajaa, pilau inaisha, mnabaki na wali na maharage.