Pale Wimbo Unapoliachia Zumari

Planxty, kundi la muziki la Ayalandi, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1973, santuri yenye jalada jeusi, na sehemu ninayoirudia kila mara imo katika wimbo unaoifungua. Mwimbaji wao, Christy Moore, anasimulia habari za mke wa bwana mkubwa aliyeacha nyumba ya fahari akawafuata Wajipsi. Hadithi inakwisha, lakini muziki haukati. Nyuzi zinapunguza mwendo, zinashika njia nyingine, kisha zumari la Liam O'Flynn linapanda juu yake, na tayari tumo ndani ya “Tabhair dom do Lámh”.

Jina hilo maana yake ni “Nipe mkono wako”. Mtungaji wake ni Ruaidhrí Dall Ó Catháin, mpiga kinubi kipofu aliyeishi miaka ya 1600, na inasimuliwa kwamba aliutunga baada ya kupatana na mwanamke wa kikabaila wa Scotland aliyemvunjia heshima. Wimbo uliotangulia Moore aliupata kwa John Reilly, fundi bati wa jamii ya Waayalandi wanaohamahama, aliyefariki mwaka 1969 akiwa fukara. Mpiga kinubi wa majumba ya wakubwa na fundi bati wa barabarani, na mshono kati yao huusikii!

Zumari lenyewe linastahili sifa zake. Halipulizwi kwa mdomo. Mpigaji huketi, akavukuta hewa kwa mvukuto ulio chini ya kiwiko kimoja, ikajaa katika mfuko wa ngozi anaoubana kwa kiwiko cha pili. Vidole vinacheza juu ya matundu, mabomba matatu yanavuma mfululizo, na hapo hapo ukingo wa kiganja hubonyeza vitufe vya chuma vinavyotoa sauti za kusindikiza. Mkono ukisita kidogo tu, sauti inayumba. Wapigaji wenyewe husema kazi hii hudai miaka 21: saba ya kujifunza, saba ya mazoezi, saba ya kupiga. O'Flynn alifundishwa na Leo Rowsome wa Dublin, aliyekuwa pia fundi wa kuyaunda mazumari hayo.

Lakini ustadi ninaouenzi zaidi ni wa kupishana. Wenzake O'Flynn kundini, Andy Irvine na mandolini yake, Dónal Lunny na buzuki, chombo cha Wagiriki kilichokuwa bado kigeni katika muziki wa Ayalandi, wanasukana kama wasusi wawili wa mkeka mmoja. Zumari likiingia, hakuna anayeshindana nalo. Wanalitandikia.

Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza sanaa ya zumari hili katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka uliofuata O'Flynn akafariki. Ukiipata albamu hii, usiusikilize wimbo wa kwanza nusunusu. Ngoja mpaka Moore anyamaze.