Mshono wa Mafungu

Juma lililopita nilihudhuria onyesho ambamo programu moja ya kusafishia sauti ilisifiwa mno kwa ajili ya kasi yake. Nami, niliyeketi karibu na spika, nikausikia mvumo mzito chini ya ganuni ya taarabu, nikaghadhibika kwamba hadhira nzima ilipiga makofi.

Kuchakata ishara kwa mafungu ni sanaa ya heshima. Tangu Cooley na Tukey walipochapisha njia yao ya haraka ya kukokotoa geuzo la Fourier mwaka 1965, na Stockham kuitumia mwaka 1966 kuharakisha vichujio virefu, fundi mwenye akili hachakati sampuli moja moja pasipo dharura. Lakini kasi huipima yeyote mwenye saa. Ustadi hukaa mshononi, pale fungu moja likomapo na jingine kuanza.

Fungu la sampuli 512 likipita katika kichujio cha sampuli 257 hutoka na sampuli 768. Zile 256 za ziada ndizo mkia, nao ni amana ya fungu lifuatalo: sharti uhifadhiwe, kisha ujumlishwe kichwani mwake. Mwanagenzi huukata, au hufanya geuzo la Fourier kwa urefu ule ule wa 512, mkia ukajipinda na kuangukia mwanzo wa fungu lake wenyewe. Mlaghai, aijuaye dosari hiyo, huifunika kwa kufifisha sauti kila fungu linapokwisha, na kwake yeye sina udhuru. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, mishono hupita mara 86, na mishono mibovu 86 haisikiki tena kama mibofyo, bali kama mvumo.

Marehemu ustadhi wangu hakuuliza kasi kamwe. Aliweka mpigo mmoja katika sampuli ya mwisho kabisa ya fungu, autazame mkia wake ukivuka salama. Kisha aliendesha faili moja kwa mafungu ya 512, ya 64, na ya 100, akatoa jibu hili katika lile. Kilichosalia kikizidi vumbi la desimali, kazi ilirudi kwa mwenyewe. Siku hizo mtu alingoja usiku kucha kwa wimbo mmoja, na asubuhi akausikiliza wote.

Onyesho lilipokwisha nilimwomba mwenye programu apunguze fungu hadi 64. Alikubali kwa adabu. Ganuni ilibaki palepale. Mvumo ukapanda, ukawa mlio mkali wa filimbi, na safari hii watu wa safu ya nyuma waligeuza shingo.