Wavundikaji wa Beni

Punje ya kakao ikitoka kwenye tunda haina harufu ya chokoleti hata kidogo. Imezungukwa na ute mweupe wenye utelezi, na ukiitafuna utaitema. Ladha wanayoilipia watu wa Brussels huanza kujengeka katika siku tano, sita zinazofuata, ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa majani ya mgomba, nyuma ya nyumba ya mtu au shambani, huko Mangina, Oicha au Mutwanga. Kazi hiyo ni kuvundika. Katika eneo lote la Beni, mashariki mwa Kongo, sijui kazi inayosifiwa kidogo namna hii ilhali inadai ujuzi mwingi namna hii.

Wazee wa huko walikuwa watu wa kahawa. Mnyauko ulipoteketeza kahawa yao ya robusta, hasa miaka ya 1980 na 1990, mashamba mengi yaligeuzwa kuwa ya kakao. Robusta unaweza kuianika uani ukaenda zako sokoni. Kakao inataka mtu wa kuilea.

Tunda hupasuliwa kwa kipande cha mti. Panga lina haraka, lakini likikwaruza punje, ukungu umepata mlango. Punje hutiwa sandukuni pamoja na ute wake, na hamira iliyo kwenye mbao, majani na mikono ya watu huanza kula sukari ya ute huo na kuigeuza pombe. Maji yanachuruzika kupitia matundu ya chini. Siku ya pili lundo hugeuzwa, hewa inapita, na vijidudu vya siki vinapokea zamu. Joto linapanda hadi nyuzi 45, pengine 50, bila kuni wala makaa. Mbegu inakufa, na hapo ndipo uchungu unapoanza kupungua na ladha kujitengeneza.

Mvundikaji mzoefu hahitaji kipimajoto. Hufunua majani, akazamisha mkono katikati ya lundo na kuuacha humo. Ukistahimili bila shida, lundo limelala, linahitaji kugeuzwa au kufunikwa vizuri zaidi. Kisha hunusa. Mwanzoni ni harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi. Siku ya nne ni siki inayochoma macho. Ikianza kunuka kama choo, amechelewa, na hakuna dawa. Pembe za sanduku hubaki baridi siku zote, kwa hiyo anapogeuza hamwagi ovyo: za pembeni huenda katikati, za juu huenda chini. Ukimwona akifanya hivyo kwa koleo la mbao, bila kuchubua punje, utaelewa kwa nini sanduku lile lile likishikwa na mwingine hutoa mali tofauti.

Kuna jambo moja katika kazi hii ambalo wachumi wangelipenda. Lundo dogo halipati joto. Ndoo moja ya punje itaoza kabla haijavundika. Panahitajika kilo 50 hivi na kuendelea, na mwenye shamba dogo hazipati kwa mchumo mmoja. Basi majirani huvuna siku moja, kila mmoja akapima punje zake mbichi, kilo zikaandikwa kwenye daftari, kisha zote zikachanganywa. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema hizi zangu, zile zako. Aliyeleta matunda mabichi ili kuongeza uzito ameharibu mali ya wote, ndiyo maana watu huchaguana kwa makini kabla ya kuchanganya. Wafanyabiashara wadogo wa mji jirani wa Butembo wanaijua hesabu hii kwa namna yao: fedha hukusanywa, mmoja hupanda ndege kwenda Dubai au Guangzhou, na kontena moja hurudi na mali ya watu wengi. Watu hao wa kontena wameandikiwa vitabu na maprofesa. Watu wa sanduku bado.

Vita vimeigusa kazi hii mahali pabaya, kwenye muda. Tangu mauaji ya raia yalipoanza huko Beni Oktoba 2014, kurudi shambani siku ya pili na ya nne kugeuza lundo kunaweza kugharimu maisha. Wapo wanaochuma mbio matunda yasiyoiva na kuuza punje mbichi siku hiyo hiyo. Wengine huzibeba kwa pikipiki hadi mjini wakavundika uani, na majirani wakavumilia harufu.

Halafu zinakuja siku za kuanika, kuchambua na kufukuza kuku, hadi kwenye depo ya mnunuzi.

"Mama, hii bado ina maji," anasema mnunuzi.

"Kaka, fumba mkono usikilize kwanza."

Punje zilizokauka hadi unyevu wa asilimia 7 au 8 hulia mkononi. Mnunuzi makini huzikata pia: kahawia yenye mifereji imeiva, zambarau imeharakishwa, kijivu iliyoshikamana haikuvundika kabisa. Kipimo cha kimataifa hudai punje 300. Depo nyingi hukata chache, au hazikati, na mizani peke yake humwadhibu fundi, kwa sababu kilo tatu hivi za punje mbichi hutoa kilo moja tu iliyokauka sawasawa. Mwenye kuacha maji ndani anauza maji.

Ilikuwa hivyo zaidi mwaka 2024, mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalipopungua na tani moja ikapita dola 10,000 kwenye masoko ya dunia. Katika homa ile, wa kuuliza siku za kuvundika walikuwa wachache. Waliokataa kufupisha siku walionekana wajinga, lakini hesabu yao ilikuwa ndefu kuliko ya depo: bei ikianguka, mnunuzi huanza kuchagua. Kufikia mwishoni mwa 2025 bei ilikuwa imeporomoka hadi nusu ya kilele chake.