Nani Anamjibu Nani

Mwaka jana familia ilitaka wimbo mmoja wa mjomba urekodiwe upya kabla ya kumbukumbu yake. Mjomba alikuwa mpiga solo wa bendi ya benga ambayo haikuwahi kuvuka sana mipaka ya Migori, na kaseti iliyobaki ilikuwa imeliwa na redio. Kazi nikapewa mimi wa Homa Bay, kwa sababu nina laptopu na saundikadi ya tundu mbili. Amplifaya sina. Nina programu inayoiga amplifaya.

Wapenzi wengi wa benga husema sauti ya programu hizi ni ya uongo. Mimi sikubaliani nao. Tangu Line 6 watoe POD mwaka 1998, na Guitar Rig ije mwaka 2004, uigaji wa valvu, spika na maikrofoni umeendelea mpaka masikio ya kawaida hayatofautishi. Siku hizi kuna Neural Amp Modeler, ya bure kabisa: unapitisha mlio wa majaribio wa kama dakika tatu kwenye amplifaya yoyote, kompyuta inajifunza tabia yake. Hata lile dude bovu la ukumbini linaweza kuhifadhiwa. Kwa hiyo tusilalamike kwamba tumelazimishiwa Fender na Marshall. Ni kweli, ukibonyeza kitufe cha lidi unapata moto wa roki, wakati solo ya benga ni safi, kavu, inang'aa. Basi usikibonyeze.

Nilirekodi solo Jumanne, sekondi Ijumaa, besi Jumapili, vyote kwa metronomu. Mlio ulikuwa mtamu, nakwambia. Nikaupeleka Migori kwa mzee aliyekuwa akimpigia mjomba sekondi. Akavaa headfoni, akasikiliza mpaka mwisho, akazivua polepole.

"Sauti ni nzuri, nyathina. Lakini hapa nani anamjibu nani?"

Niliudhika, kusema kweli. Nikarudi nyumbani kusikiliza D.O. Misiani na Shirati Jazz ili nimpate na kosa mzee. Kumbe sekondi kwao hailali chini ya solo kama godoro. Inaingia kwenye nafasi ambazo solo inaziacha, na solo inaacha nafasi kwa sababu inajua kuna mtu. Sauti za waimbaji zikinyamaza, magitaa yanapanda, na bendi nzima inasukumwa mbele. Ni tabia ya nyatiti hiyo: mtu mmoja ana nyuzi nane, pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga ubao, na mdomo unaimba. Benga ilichukua mwili ule mmoja ikaugawa kwa watu kadhaa, halafu ikawapa kazi ya kuuunganisha tena kila usiku.

Mimi niliugawa kwa siku. Yule wa Ijumaa alijua kila kitu ambacho yule wa Jumanne angefanya, lakini yule wa Jumanne hakuwa na habari kwamba Ijumaa ipo. Na pale mwisho, ambapo wimbo unatakiwa kukimbia, metronomu iliushika shati. Hilo ndilo nasikia sasa kwenye rekodi nyingi za vyumbani za rika langu: mlio umetunzwa kama yai, na hakuna anayeshtuliwa na mwenzake. Lawama tunaitupia programu. Lakini programu haikunikataza kumwita mtu.

Nikamfuata mzee tena. Tundu moja gitaa lake, tundu la pili langu, programu ileile, mipangilio ileile ya Jumanne. Headfoni alizikataa, tukatumia spika. Nilikuwa na hofu ya mlio kuchelewa. Kwa sampuli 128 katika 44,100 za kila sekunde, fungu moja ni kama milisekunde 3, na hata ukiongeza safari ya kuingia na kutoka, ni sawa na kusimama hatua chache kutoka kwa amplifaya. Mzee hakugundua lolote. Metronomu nilizima. Yeye alikuwa akitazama vidole vyangu, mimi nikitazama uso wake, na tulipofika mwisho akanisukuma hadi nikaogopa. Besi na sauti niliongeza baadaye, nikiwafuata hao wawili.

Siku ya kumbukumbu tulipiga rekodi hii, pamoja na kosa la mzee kwenye ubeti wa tatu. Watu wazima walicheka palepale lilipotokea. Mkaza mjomba akaniambia ni kosa lake la miaka yote, na kwamba mjomba alikuwa na noti zake mbili tatu za kulifunika. Mimi sikuzijua. Kwenye rekodi, pale pamebaki wazi.