Wanja wa Pete

Pete ya fedha niliyompelekea fundi ilikuwa imeanza kuchujuka. Juu, kuzunguka tanzanaiti, weusi ulikuwa bado umekolea. Chini, upande wa kiganja, ulikuwa umelika na weupe umechungulia kama goti kwenye suruali ya shule. Nilikwenda na malalamiko yangu tayari mdomoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaipachika pete kwenye ncha ya kidole chake kidogo na kuigeuza polepole chini ya taa.

"Binti yangu, wanja unaupaka mara ngapi?"

"Kila siku, Mzee."

"Na hujamshtaki muuza wanja." Akaanza kutafuta miwani yake.

Tangu siku hiyo siwezi kuitazama rodiamu nyeusi, metali iliyoipa pete yangu weusi wake, kwa namna nyingine. Wanja ukiwa kichupani ni masizi tu. Kazi yake huonekana jichoni. Pete nayo ni hivyo hivyo. Kito kikishikwa na metali nyeupe, metali inarudisha mwanga wake, na mtazamaji anagawa macho baina ya kito na kishikio. Ukikitia kishikio weusi kinanyamaza. Zambarau iliyojificha ndani ya buluu ya tanzanaiti inajitokeza bila kugombana na mtu.

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliligusa jambo hili kutoka upande wa pili. Alikuwa msimamizi wa utiaji rangi nyuzi huko Gobelins, Paris, panapofumwa mazulia ya ukutani, na watu wakamlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Alizichunguza, hazikuwa na kasoro. Zilififia kwa sababu ya majirani: zilifumwa kando ya buluu na zambarau. Kitabu chake kuhusu rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja kilitoka mwaka 1839, na nadhani kila sonara angefaidika nacho hata kama hajui kwamba kipo. Joel Arthur Rosenthal, Mmarekani anayefanya kazi Paris chini ya herufi JAR, amepata sifa kubwa kwa kupanga vito vidogo vidogo juu ya metali iliyotiwa weusi, mpaka mapengo kati yake yanapotea machoni. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilimfanyia maonyesho akiwa hai, heshima ambayo masonara hawaizoei.

Rodiamu yenyewe ina kichekesho chake. Mwingereza William Hyde Wollaston aliitenga London mwaka 1804, kutoka kwenye mawe ya platini ya Amerika Kusini, na kwa kuwa chumvi zake zilikuwa na wekundu wa waridi akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki la ua hilo. Ikisafishwa, rodiamu ni nyeupe yenye kung'aa, wala hakuna weusi ndani yake. Weusi huletwa na viungo ambavyo viwanda huchanganya kwenye maji ya kuchovyea, na kila kiwanda kina siri yake ya jikoni. Ndiyo maana rodiamu nyeusi ya huyu ni kijivu cha wingu la masika, na ya yule ni weusi wa chungu kilichozoea kuni. Niseme hapa hapa: duka linalouza "dhahabu nyeusi" bila kumwambia mteja kwamba weusi huo ni koti tu, linamdanganya.

Na koti lenyewe ni jembamba ajabu. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Koti hili mara nyingi halifiki hata nusu ya mikroni moja. Ni bora iwe hivyo, maana rodiamu, ambayo sehemu kubwa huchimbwa Afrika Kusini na kununuliwa na watengenezaji wa magari kwa ajili ya kusafisha moshi, ilipita dola 29,000 kwa wakia mwezi Machi 2021.

Nilikaa kwenye benchi la wateja zaidi ya saa mbili. Katika muda huo, kuchovya kwenyewe hakukufika dakika mbili.

Kwanza ilibidi koti kuukuu liondoke, na rodiamu haiyeyuki kirahisi. Hata ule mchanganyiko wa asidi unaoyeyusha dhahabu hauielewi. Basi ni msasa laini na brashi ya kuzunguka, kwa mkono mwepesi, kwa sababu kila mara kinachoondoka si weusi peke yake, ni pamoja na fedha kidogo ya chini yake. Pete haiwezi kurudiwa hivyo milele. Kisha akang'arisha upya, akiifuata mikwaruzo mmoja mmoja. Mimi nilidhani weusi utaificha. Kumbe koti la wembamba huo linaufuata kila mkwaruzo na kuuonyesha, kama kanga iliyolowa.

Baada ya hapo vidole havikuigusa tena. Aliitundika kwenye waya wa shaba, akaisugua kwa sabuni na brashi laini. Mashine ya kusafishia kwa mitetemo ilikuwepo mezani, hakuiwasha: tanzanaiti huweza kupasuka humo, na haipendi pia joto linalopanda na kushuka ghafla. Ingekuwa lulu, marijani au feruzi, alisema, angeking'oa kito kabisa kabla ya pete kukaribia asidi.

Halafu nikaona kitu ambacho bado nakikumbuka kila nikiosha glasi. Aliitoa pete kwenye maji ya kuondolea mafuta, akaisuuza, akaiinua juu ya taa na kuyatazama maji yanavyoteremka. Upande mmoja yalitandaa kama kioo. Upande mwingine yalijikunja yakawa matone. "Bado ina mafuta," akasema, akairudisha. Mara ya pili, matone. Mara ya tatu maji yalitandaa juu ya pete nzima, ndipo akaipeleka kwenye asidi hafifu, kisha kwenye maji yaliyokenekwa. Palipo na mafuta kiasi cha alama ya kidole, rodiamu haishiki, au inashika leo na kubanduka kesho. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho, na sijui kama kipo kilicho bora zaidi.

Ikafuata tabaka la paladiamu, kwa kuwa maji ya rodiamu yana asidi kali isiyopatana na fedha tupu. Wengine hutumia nikeli, ni nafuu, lakini ngozi za watu wengi huwashwa nayo. Kisha akafungua droo akatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ya kawaida kabisa ya dukani. Akaanza kuipaka pete upande wa kiganja na ndani yote.

"Huko mbona unakuziba, Mzee?"

"Huku nakuachia weupe. Weusi utakaa kwenye mabonde, pale vidole visipofika."

Nilitaka kubisha, kwani nilikuja nikitaka pete nyeusi nzima. Lakini upande wa kiganja ndio unaoshika bomba la daladala, funguo na sufuria. Alichokuwa akikichora ni ramani ya mahali weusi unapoweza kuishi.

Pete ikafungwa kwenye upande hasi wa umeme, wavu wa titani uliopakwa platini kwenye chanya, volti chache tu. Akaitikisa taratibu kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Umeme ukizidi, koti linaungua na kuwa unga unaofutika kwa kidole. Ikapita kijivu, ikaendelea kuiva. Maji ya suuza ya kwanza hakuyamwaga. Yana chembe za rodiamu, huwekwa.

Wakati ikikauka alinipa masharti. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa cha pamba, basi. Ivuliwe kabla ya kuosha vyombo na kabla ya kuingia kwenye bwawa la kuogelea. Ikae kwenye mfuko wake, isigongane na bangili. Akaniuliza fedha nyumbani naisafishaje, nikamwambia dawa ya meno, kama mama. Alifumba macho kidogo. Dawa ya meno, majivu, hata vile vitambaa maalumu vya kung'arishia fedha, vyote vina chembe za kusugua, na kwa koti hili ni tupa. Hereni na vidani hudumu miaka, maana havigusani na kitu. Pete ni mfanyakazi.

Akaifuta ile rangi ya kucha kwa asetoni. Weusi ulizunguka tanzanaiti, ukashuka kwenye mifereji ya nakshi, ukakoma kwa mstari safi pale mgongo wa kidole unapoanza kugeuka kiganja. Nililipa, nikaivaa, nikanyoosha mkono kuitazama. Na yeye aliutazama mkono, ila si pete.

"Hiyo ya kwako unainunua wapi?" akaniuliza, akiitikisa chupa yake nyekundu iliyobaki tone. "Naona haikatiki kwenye ukingo."